Wale Wawili Walionyamaza: Mwenendo Mwema katika Michezo ya Mtandaoni

*Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya vijana, wazazi, walimu na wamiliki wa vibanda vya gemu wa mikoa ya Shinyanga na Geita*



Nimesimama mbele yenu nikiwa mtumishi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, lakini sitaki kuuficha ukweli mwingine: mimi pia ni mchezaji. Simu yangu ina Free Fire, ina eFootball, na nimewahi kukesha nikitafuta ushindi mmoja wa mwisho huku nikijua kwamba asubuhi kuna kazi. Kwa hiyo sikuja kuwaambia kwamba gemu ni uhuni, wala kwamba kijana anayecheza amepotea. Nimekuja kuzungumzia namna tunavyotendeana tukiwa ndani ya mchezo, hususan ile michezo ambamo watu wasiofahamiana hukutanishwa na mtandao, wakapangwa katika kikosi kimoja au katika vikosi vinavyoshindana, wakawa wanasikizana na kuandikiana hadi mechi iishe.

Naomba nianze na kisa nilichokishuhudia.

Kisa cha Kahama

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa Kahama kwa shughuli za kikazi. Jioni niliingia katika kibanda kimoja kuchaji simu. Pembeni alikaa kijana, mwanafunzi wa sekondari kwa kumkadiria, akicheza kwa simu yake. Hakuwa na hedifoni. Sauti ilitoka wazi, nasi tuliokuwa karibu tuliisikia. Kikosi chake kilikuwa cha watu wanne: yeye na wengine watatu ambao mtandao ndio uliomkutanisha nao, wote wakizungumza Kiswahili. Kijana huyo ana ualbino, na katika akaunti yake aliweka picha yake mwenyewe, kama afanyavyo mtu yeyote asiyejionea haya.

Mechi ilikwenda vizuri hadi alipochelewa kumwinua mwenzake aliyeangushwa. Hapo mwenzake akafoka. Yakatangulia matusi mawili matatu ambayo kwa bahati mbaya tumeyazoea. Kisha, bila shaka akiwa ameitazama ile picha, akamwita "dili".

Sina haja ya kulifafanua neno hilo kwa hadhira ya Shinyanga na Geita. Kwa msomaji wa mbali atakayekutana na mada hii kijitabuni, nitasema tu kwamba katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, hasa kuanzia miaka ya 2007 na 2008, watu wenye ualbino waliuawa na wengine kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina, na viungo vyao vikafanywa bidhaa yenye bei. Kuna watoto waliotenganishwa na wazazi wao na kuletwa kulelewa Buhangija, hapa hapa Shinyanga, ili wapate kuwa hai. Kumwita mtu "dili" ni kumkumbusha kwamba yupo aliyewahi kumpangia bei.

Kijana hakujibu. Alizima simu mechi ikiwa katikati, akainuka, akaenda zake.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwafikiria watu, na cha ajabu, siwafikirii sana yule mtukanaji. Nawafikiria wale wachezaji wawili waliobaki. Walisikia kila kitu. Hawakutukana, wala hawakukemea. Waliendelea kukimbia na kurusha risasi kana kwamba hakuna kilichosemwa. Nami niliyekuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwa kijana yule, mtu mzima na mtumishi wa umma, nilinyamaza vilevile. Mada yangu ya leo inawahusu hao walionyamaza, nami nikiwa mmoja wao.

Watukanaji si wengi kama tunavyodhani

Tukizungumzia matusi katika gemu, wengi wetu hudhani kwamba kuna kundi la watu waovu, na kwamba wakifukuzwa wote, mchezo utakuwa salama. Dhana hiyo ina ukweli kidogo tu. Kampuni ya Riot Games ya Marekani, inayotengeneza mchezo wa League of Legends, iliwahi kuchunguza mwenendo wa wachezaji wake wengi na kueleza hadharani ilichokiona. Wachezaji wabaya wa kudumu, wale ambao kila mechi kwao ni matusi, walikuwa takriban asilimia 1 tu ya wachezaji wote, na uovu wao ulikuwa takriban asilimia 5 tu ya uovu wote uliotendeka mchezoni. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka kwa wachezaji wa kawaida, watu ambao siku nyingine ni wema kabisa, lakini siku hiyo walikuwa wamechoka, wameudhiwa kazini au nyumbani, au wamefungwa mechi tatu mfululizo.

Habari hiyo ina uchungu na ina faraja. Uchungu ni kwamba hakuna kati yetu anayeweza kusema jambo hili halimhusu. Yule aliyesema "dili" huenda kesho yake aliamka akamsaidia jirani kuchota maji. Faraja ni kwamba mtu wa kawaida hubadilika kwa jambo dogo. Haitaji kufungiwa akaunti ili ajirudi. Mara nyingi anachohitaji ni mtu mmoja wa kumwambia, kwa sauti isiyo ya hasira, kwamba hapa hatusemi hivyo.

Kampuni hiyo ilijaribu jambo jingine dogo. Uwezo wa kuandikiana na kikosi pinzani haukuondolewa, bali ulizimwa tangu mwanzo, kiasi kwamba mchezaji aliyeutaka alipaswa kuuwasha mwenyewe. Watu waliendelea kuandikiana karibu kama awali, lakini maneno mabaya yalipungua kwa takriban theluthi moja, na maneno mazuri yakaongezeka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kituo kidogo cha kufikiri kabla ya kusema kilitosha. Wahenga wetu walilijua hilo pasipo kompyuta waliposema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Ushindani haukuanza na simu

Kuna wanaosema kwamba matusi ni sehemu ya ushindani, na kwamba anayeyachukia arudi kucheza bao na wazee. Ningependa kuwajibu kwa kutumia historia ya hapa hapa.

Wasukuma wamekuwa na vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagalu na Bagika. Baada ya mavuno, pande hizo mbili hukutana uwanja mmoja, zikacheza kwa wakati mmoja, kila upande ukijitahidi kuwavuta watazamaji. Upande utakaozungukwa na umati mkubwa zaidi ndio mshindi. Na msidhani kwamba mashindano hayo ni ya upole. Manju huimba nyimbo za kumchoma mpinzani, humbeza na kumdhihaki mbele ya watu, na umati hucheka. Lakini dhihaka hiyo ina mahali pake, ina wakati wake, na ina hakimu wake, yaani watazamaji wenyewe. Manju anayejua kutukana tu, asiyejua kuimba wala kucheza, umati humpa kisogo na kwenda upande wa pili.

Vivyo hivyo utani. Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kurushiana maneno ambayo mgeni akiyasikia atadhani kesi inafika mahakamani. Nao wanacheka, kwa sababu kila mmoja anajua mpaka uko wapi, na anajua kwamba mwenzake ana haki ya kumjibu. Utani ni wa watu wawili waliokubaliana. Pale ambapo mmoja anacheka na mwingine anafuta machozi, huo si utani tena, hata msemaji akiuita hivyo.

Kwa hiyo hatuwaombi vijana waache kushindana. Mwambie mpinzani kwamba leo utamfunga mabao matano. Mwambie kikosi chake kinakimbia kama kuku waliomwona mwewe. Hayo yanahusu mchezo. Mpaka unavukwa pale unapoacha kuzungumzia anavyocheza na kuanza kuzungumzia alivyoumbwa, kabila lake, dini yake, mama yake, ngozi yake, jinsia yake au umaskini wa kwao. Huo ndio mpaka, nao ni rahisi kuukumbuka: *mcheke alivyocheza, usimcheke alivyo.* Na ukifungwa wewe, kumbuka kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mtandao nao ni mshukiwa

Kwa kuwa natoka katika mamlaka inayosimamia mawasiliano, sina budi kueleza chanzo kimoja cha ugomvi ambacho wachezaji wengi hukikosea. Mara nyingi mwenzako anaonekana mzembe, kumbe tatizo ni mtandao.

Unapobonyeza kitufe cha kurusha risasi, taarifa husafiri kutoka kwenye simu yako hadi kwenye mnara, kutoka mnarani hadi kwenye mkongo, kisha hadi kwenye seva ya mchezo, ambayo mara nyingi iko nje ya nchi, ndipo jibu linarudi. Ndani ya mkongo, mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, lakini ina kikomo. Seva ikiwa umbali wa kilomita 8,000 kwa njia ya mkongo, kwenda na kurudi ni kilomita 16,000. Kwa hiyo hata kila kitu kikiwa kizuri kabisa, jibu haliwezi kurudi kabla ya milisekunde 80. Sasa ongeza foleni mnarani saa mbili usiku, wakati mji mzima wa Katoro au Geita umetoka kazini na kila mtu ameshika simu. Zile 80 huwa 200, au 300. Mchezaji ameona adui, amebonyeza kwa wakati, lakini kwa seva amechelewa. Wewe unaona mtu amezubaa.

Vivyo hivyo anayetoweka katikati ya mechi. Tunamwita mtoro na mwoga, pengine tunamripoti. Lakini katika mikoa yetu tunajua sababu nyingine: umeme umekatika, kifurushi kimeisha, simu imeishiwa chaji, au baba ameita. Kabla hujamhukumu mwenzako, mpe nafasi ya kuwa na sababu. Nawe ukijua kwamba kifurushi chako kinakaribia kwisha, usianze mechi ya kikosi. Wenzako watatu wanakutegemea.

Wachimbaji wadogo mliopo hapa mtanielewa kwa urahisi. Mtu aliye chini ya duara hamwoni aliye juu anayeishika kamba. Anamjua kwa sauti tu. Akiitikiwa vizuri, anafanya kazi kwa utulivu. Akitukanwa kutoka juu, mikono yake inatetemeka, na hatari inakuwa ya wote. Kikosi cha mtandaoni hakina hatari ya kufukiwa na kifusi, lakini kina hali hiyo ya kuunganishwa na sauti pekee. Anayetukanwa hachezi vizuri zaidi. Huchanganyikiwa, na kikosi kizima kinafungwa.

Wema nao huhesabiwa

Katika michezo ya uwanjani, mwenendo umekuwa na thamani kwa muda mrefu. Kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la mwaka 1970. Na mwaka 2018, nchini Urusi, dunia iliona jambo ambalo halijawahi kutokea katika mashindano hayo: Japani na Senegali zilimaliza hatua ya makundi zikilingana kwa alama, kwa mabao ya kufunga na ya kufungwa, na zilikuwa zimetoka sare zilipokutana. Kilichoamua ni idadi ya kadi. Japani ilikuwa na kadi za njano 4, Senegali 6. Japani ikasonga mbele, Senegali ikarudi nyumbani. Ilituuma Waafrika wengi, lakini somo lilibaki: mwenendo umo ndani ya matokeo.

Watengenezaji wa gemu nao wamelielewa hilo. Mwaka 2012 League of Legends ilianzisha utaratibu ambao mchezaji, mechi ikiisha, anaweza kumpa heshima mwenzake, au hata mpinzani, aliyecheza kwa uungwana. Juni 2018 mchezo wa Overwatch ulianzisha utaratibu wa namna hiyo, na sifa hizo huonekana katika akaunti ya mchezaji kama cheo. Michezo mingi tunayoicheza kwenye simu zetu nayo ina kitufe cha kupongeza. Swali langu kwenu ni hili: mara ya mwisho kukibonyeza ilikuwa lini? Kitufe cha kuripoti tunakijua sote. Cha kupongeza wengi hatukigusi.

Pongezi si urembo. Kwa mchezaji mpya, neno moja la "umejitahidi" linaweza kuwa tofauti kati ya kuendelea na kuacha. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Tuufanye uwanja huu wa mtandaoni uwe kwao kila mchezaji.

Dada zetu mchezoni

Naomba niseme neno mahususi kuhusu wachezaji wa kike. Wengi wao hucheza wakiwa wamezima kipaza sauti, na huchagua majina yasiyotambulisha jinsia. Waulizeni dada zenu sababu. Watawaambia kwamba mara tu sauti yao inaposikika, mchezo hugeuka: mmoja anaomba namba ya simu, mwingine anamwambia arudi jikoni, wa tatu anatamka maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wazazi.

Jirani zetu wa Kenya wana Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, mchezaji wa Tekken ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufikia hatua hiyo katika michezo ya kielektroniki. Kila binti anayezima simu kwa sababu ya matusi ni kipaji ambacho huenda hatutakijua kamwe. Kijana wa kiume anayesikia dada akisumbuliwa, akasema tu "mwache acheze", amefanya kazi kubwa kuliko anavyofikiri.

Tufanye nini

Kwa wachezaji, napendekeza mambo machache yanayowezekana leo.

*Kabla ya mechi.* Salimia kikosi. Salamu humgeuza mgeni kuwa mtu. Kikosi cha marafiki kikubaliane mapema kwamba mambo fulani hayasemwi, hata kwa utani. Na ukiwa na hasira za mchana, cheza peke yako kwanza.

*Wakati wa mechi.* Elekeza, usilaumu. "Njoo kushoto, nahitaji msaada" husaidia. "We mjinga uko wapi" haisaidii. Mtu akianza kutukana, usimjibu kwa tusi. Mzime sauti mapema, kabla hasira yako haijapanda. Kumzima si woga. Ni sawa na kuhama meza ya mlevi.

*Akitukanwa mwingine.* Hapa ndipo wale wawili wanapohitajika. Huhitaji hotuba. Mwambie mtukanaji: "Tuache hayo, tucheze." Mwambie aliyetukanwa: "Tuko pamoja, endelea." Maneno machache, kwa sauti ya kawaida, bila tusi la kulipiza. Kama unaogopa kusema, mwandikie aliyetukanwa faraghani baada ya mechi, kisha ripoti. Asiondoke akidhani kwamba wote watatu waliosikia walikubaliana na mmoja aliyesema.

*Baada ya mechi.* Pongeza mmoja, hata wa upande wa pili. Ukifungwa mara tatu mfululizo, weka simu chini, unywe maji.

Kwa wamiliki wa vibanda: nyinyi ni waamuzi msiovaa jezi. Bandikeni ukutani masharti mafupi, kwa Kiswahili, yanayosomeka: hakuna matusi ya kabila, ngozi, dini wala jinsia, anayevuka anaonywa mara moja, akirudia anapumzika siku hiyo. Masharti hayo yamhusu mteja mwenye fedha nyingi sawasawa na mtoto wa sarafu moja. Mmiliki anayetunza heshima hapotezi wateja. Huwapata wazazi wanaoruhusu watoto wao waje.

Kwa wazazi na walezi: msianze kwa kupiga marufuku. Mtoto aliyepigwa marufuku hatawaambia siku atakapotukanwa au kutishiwa, kwa sababu kusema ni kukiri kwamba alicheza. Kaeni naye, mwombeni awaonyeshe mchezo, muulizeni anacheza na nani. Tazameni alama ya umri inayoonekana mchezo unapopakuliwa, kama vile 7, 12, 16 au 18, na muiheshimu. Mwelezeni asitoe jina lake kamili, shule anayosoma, wala neno la siri la akaunti kwa mtu aliyemjua mchezoni. Na mtu akimwuzia "almasi" za Free Fire kwa bei ya kutupa, akumbuke kwamba wenye Mwadui hawauzi almasi zao kwa bei hiyo. Huo ni mtego wa kuiba fedha au akaunti.

Mpaka ukivukwa: ushahidi, si kundi

Yapo mambo ambayo neno la upole halitoshi: vitisho, usumbufu unaorudiwa, picha za aibu, ulaghai, na mtu mzima anayemshawishi mtoto. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumtesa kihisia. Anayepatikana na hatia hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria haikusema kwamba ndani ya gemu ni ruhusa.

Hatua za kufuata ni hizi. Kwanza, hifadhi ushahidi: piga picha ya skrini inayoonyesha maneno, jina la akaunti na tarehe. Pili, ripoti ndani ya mchezo wenyewe. Kampuni nyingi za gemu ziko nje ya nchi na hazina leseni ya Mamlaka yetu. Kwa hiyo kitufe chao cha kuripoti ndiyo njia ya haraka ya kumfikia mkosaji. Tatu, kwa vitisho na usumbufu mkubwa, nenda kituo cha polisi na ushahidi wako. Nne, jambo likimhusu mtoto, piga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo. Tano, ukitumiwa ujumbe wa utapeli kwenye simu, utume pamoja na namba ya tapeli kwenda 15040. Na malalamiko kuhusu huduma ya mtandao yapelekwe kwanza kwa mtoa huduma wako; asipoyatatua, yaleteni kwetu. Ofisi yetu ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza.

Lakini nina onyo moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wa maeneo haya, Kahama ikiwemo, walianzisha Sungusungu ili kupambana na wizi wa mifugo na ujambazi. Moja ya adhabu zao ilikuwa kumtenga mkosaji: haamkiwi, hasaidiwi, hadi ajirudi. Kuna hekima ndani yake, na kumzima sauti mtukanaji kunafanana nayo. Hata hivyo wazee wetu wanajua pia kilichotokea pale ambapo kundi lilihukumu bila ushahidi: wasio na hatia waliumia. Kwa hiyo msikusanye watu kumripoti mchezaji kwa sababu tu amewafunga. Msisambaze jina na picha yake katika makundi ya simu ili ashambuliwe. Tusikemee uonevu kwa uonevu.

Hitimisho

Ndugu zangu, nilirudi katika kibanda kile cha Kahama siku iliyofuata, na siku iliyofuata tena. Sikumkuta kijana yule, na mwenye kibanda hakujua anakoishi. Natumaini bado anacheza mahali fulani, na kwamba picha yake ingali pale pale alipoiweka.

Nimejiuliza mara nyingi ningemwambia nini. Si jambo kubwa. Ningesogea hatua zile mbili, ningeinama karibu na simu yake ili wale watatu wanisikie, na ningesema: "Huyu anacheza vizuri. Tuendelee." Ni maneno manne. Yasingefuta neno lile, lakini yangemfanya asiwe peke yake alipolisikia.

Jioni ya leo wengi wenu mtaingia mchezoni. Katika vikosi vinne au vitano mtakavyokutana navyo, kimoja kitakuwa na mtu anayeonewa, na kitakuwa na wawili wanaosikia. Nawaomba mmoja wa wawili hao aseme.